Fedha Kwanza, Kamba Baadaye



Leo ukumbi wetu unateremka pwani, ingawa tutakayoyasema yanahusu zaidi yaliyomo ndani ya nyumba zetu. Tumekusudia kuzungumza juu ya kuuza chombo cha baharini, iwe mashua, dau, ngalawa au boti ya mashine, na hasa juu ya ile saa moja nyembamba ambapo chombo kinatoka mkononi mwa muuzaji na fedha zinatakiwa ziingie. Saa hiyo imewaliza wengi, na wengi wao wamelia kimya kimya.

Kisa kilichotusukuma kuandika tulikipata kwa mjane mmoja, tuliyekaa naye barazani kwake. Jina lake na mji wake tunavisitiri, kwa ombi lake mwenyewe. Marehemu mumewe alimwachia watoto wanne, wake kwa waume, na mashua ya futi 28 iliyokuwa imetoka kukalafatiwa, pamoja na mashine yake ya nguvu za farasi 40. Wazazi wa marehemu walikwisha kutangulia mbele ya haki. Madeni yalilipwa, kisha mama na watoto wakakubaliana chombo kiuzwe, kwani hapakuwa na wa kukiendesha, na chombo kilichokaa juu mchangani huharibika kwa jua upesi kuliko kinachosafiri. Bei ikakatwa: shilingi 640,000.

Mnunuzi alikuja na mwenzake siku ya Ijumaa. Alikuwa mtu wa heshima na kauli tamu. Alimpa mjane mkono wa pole, akamwita mama, na Alasiri akaiswali msikitini pamoja na wanaume wa mtaa. Walipoteremka dikoni kukagua mashua, alitoa simu akabonyeza kwa muda, kisha akasema, “Mama, nimekutumia zote. Tazama ujumbe.” Kweli, simu ya mama ikalia. Ujumbe ulisema amepokea shilingi 640,000. Maji yalikuwa yamejaa na yako karibu kuanza kupwa. “Tuwie radhi, mama, tusije tukakosa maji.” Kamba ikafunguliwa. Kabla ya adhana ya Magharibi mashua ilikuwa imekwisha kupita mlangoni, na fedha hazikuingia siku ile wala siku nyingine yoyote.

Tulipomwuliza kwa nini hakutazama salio lake kwanza, alitujibu neno ambalo hatujalisahau. “Niliona muhali,” alisema. “Watu wamesimama, naye ananiita mama. Nikifungua simu kuhakikisha, si itakuwa kama kwamba namwita mwizi?”

Neno hilo, muhali, ndilo tunalotaka kulizungumza leo kabla ya mengine yote. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa haya na soni. Mgeni hahesabiwi vitafunio anavyokula, na fedha za mwenzio hazihesabiwi mbele yake kwa jicho la shaka. Ni adabu njema, nasi hatutaki ipotee. Lakini mlaghai wa leo ameisoma adabu hiyo vizuri kuliko tunavyodhani. Hahitaji kutuvunjia mlango. Anahitaji tu tuone muhali kwa dakika tano.

Chombo kikishang'oa nanga

Tujiulize kwanza, kwa nini chombo kihitaji tahadhari kuliko mali nyingine? Shamba likiuzwa kwa udanganyifu, haliendi popote. Mwenyewe atalikuta pale pale na atashtaki. Gari lina nambari mbele na nyuma, na barabara zina vizuizi vya polisi. Bahari haina kizuizi. Mashua iliyoondoka Vanga na upepo mzuri yaweza kufika Pemba siku ile ile, na iliyoondoka Kiunga haina masafa makubwa mpaka maji ya Somalia. Rangi ya ubavuni hubadilishwa kwa makopo machache, jina la chombo hufutwa kwa msasa, na mashine hufunguliwa ikauzwa peke yake. Baada ya wiki mbili, mwenyewe aweza kupita karibu na chombo chake asikitambue.

La pili, bahari ina saa zake, na kila mtu wa pwani anaziheshimu. Mnunuzi akisema anachelewa basi, twaweza kumwambia asubiri. Akisema maji yanapwa, sote tunakimbia, kwa sababu ni kweli kwamba maji hayamngoji mtu. Ndiyo maana haraka ya mlaghai hufanana na haraka ya baharia mwaminifu. Basi na tukumbuke hili: maji hujaa mara mbili kwa siku. Anayesema atayakosa ya leo jioni, atayapata mengine baada ya saa 12 na nusu hivi, na chombo kitakuwa pale pale kikimngoja. Mnunuzi wa haki atalala, atakunywa chai, na asubuhi ataondoka salama. Asiyeweza kungoja maji ya pili, na tumtazame mara ya pili.

Muhali katika mali ya nani?

Turudi kwa mjane wetu. Alipokuwa akiona muhali, alidhani anahatarisha mali yake. Lakini tukipiga hesabu ya mirathi, mke ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumni, yaani fungu moja katika mafungu manane. Katika shilingi 640,000, fungu lake lilikuwa 80,000. Zilizobaki, shilingi 560,000, zilikuwa za watoto wa marehemu, na wawili kati yao hawajabaleghe. Muhali ule aliona yeye, na gharama yake kubwa wakailipa mayatima.

Hatusemi haya kumlaumu. Alikuwa na majonzi, na aliyemdanganya ndiye mwenye dhambi. Twasema ili kila mama anayeshika mali ya watoto apate jibu la kumpa nafsi yake. Ukarimu ni wa mtu katika mali yake mwenyewe. Katika amana, wajibu wetu ni kulinda.

Wala dini yetu haikutuacha bila ya mwongozo katika jambo hili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haikuhusu vita wala safari. Inahusu kuandika deni. Imetuamrisha deni lenye muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye aseme yatakayoandikwa, washuhudie mashahidi, na tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Biashara ya papo kwa hapo imesamehewa kuandikwa, lakini hata hapo tumeambiwa tuweke mashahidi tunapouziana. Aya hiyo inazungumza na waumini wenyewe kwa wenyewe, watu wanaoaminiana na wanaoswali safu moja. Ikiwa Mola wao hakuona kwamba kuandika ni kutukanana, sisi tuone muhali wa nini?

Kwa hivyo, mama atakayeogopa kuonekana mkali tunampa maneno ya kusema, nayo ni ya kweli na hayavunji heshima ya mtu: “Mwanangu, niwie radhi. Hizi si zangu peke yangu, ni za watoto wa marehemu, nami nitaulizwa. Ngoja tuhakikishe pamoja.” Mnunuzi mwema atajibu, “Ni haki yako, mama.” Atakayekasirika kwa maneno hayo, hasira yake ni habari tosha.

Kabla mnunuzi hajateremka dikoni

Malipo salama huanza kabla ya fedha kutajwa. Kwanza, ijulikane nani ana haki ya kuuza. Chombo cha marehemu ni mali ya warithi wote, na mmoja wao hawezi kukiuza peke yake hata akiwa ndiye mkubwa. Warithi wakutane, waandike makubaliano yao na watie saini. Panapokuwa na watoto wadogo, au panapokuwa na mvutano, njia ni Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 170, imeipa mamlaka ya kuamua mambo ya mirathi baina ya Waislamu wanaoikubali. Karatasi ya Kadhi humlinda mjane, humlinda na mnunuzi.

Mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi hana haja ya kuhangaika dikoni wala benki. Ikiwa mauzo hayawezi kungoja, amteue wakili, awe kaka, mjomba au mtoto mkubwa, kwa maandishi yenye mashahidi. Lakini jambo moja lisisahaulike: wakili anauza kwa niaba yake, na fedha ziingie katika akaunti ya mjane au akaunti waliyokubaliana warithi, zisipitie mfukoni mwa wakili. Wala zisitumwe kwenye laini ya simu ya marehemu, hata kama simu yake bado iko nyumbani na namba ya siri yajulikana. Fedha zikiingia huko, kuzitoa kutahitaji safari nyingine ndefu ya karatasi.

Pili, karatasi za chombo zikusanywe: cheti cha usajili, vyeti vya ukaguzi kutoka kwa Mamlaka ya Bahari nchini, yaani KMA, leseni ya uvuvi ikiwa ni chombo cha kuvulia, na risiti ya mashine yenye nambari yake. Mnunuzi aonyeshwe zote na apewe nakala akitaka. Vyeti vyenyewe, pamoja na ufunguo wa mashine, visimtoke muuzaji mpaka fedha zimeonekana.

Tatu, aibu za chombo zisemwe. Kama mkuku umeliwa, au mashine hushtuka ikipata moto, mnunuzi aambiwe, na iandikwe kwamba ameambiwa. Uaminifu huu ni ibada, na pia ni kinga ya malipo: mtu aliyeelezwa kila kitu hana sababu ya kurudi wiki ya pili akidai fedha zake.

Njia za malipo na mitego yake

Sasa tuingie katika fedha zenyewe. Tutazipitia njia moja moja, kwani kila moja ina mlango wake na ina mwizi wake.

Njia iliyotuzoea zaidi ni simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, sisi wanawake tumeipenda kwa kuwa mtu aweza kupokea fedha akiwa jikoni kwake. Lakini tufahamu mambo matatu. Jambo la kwanza, ujumbe si fedha. Ujumbe ni maneno tu, na maneno yeyote aweza kuyaandika. Fedha ni salio. Muuzaji afungue menyu yake mwenyewe, au apige *334#, aangalie salio kwa mkono wake na kwa namba yake ya siri, ambayo hamtajii mtu. Simu isitoke mkononi kwa kisingizio cha “nikusaidie, mama”. Ikiwa macho hayaoni vizuri, achaguliwe mtoto wa nyumbani mapema, akae karibu, awe ndiye msomaji.

Jambo la pili, M-Pesa ina kikomo. Wakati tunapoandika haya, mtu hawezi kutuma zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, na akaunti haiwezi kubeba zaidi ya shilingi 500,000. Hebu sasa turudi kwenye ujumbe aliopata mjane wetu: shilingi 640,000 kwa mara moja! Ujumbe ule ulikuja na uongo wake umeandikwa wazi. Lau malipo yangekuwa ya kweli, yangekuja kwa mafungu matatu, 250,000 mara mbili na kisha 140,000, na hilo fungu la tatu lisingepata nafasi ya kuingia. Kujua kikomo hiki peke yake kungeliizuia mashua ile gatini.

Jambo la tatu, aliyetuma aweza kuomba fedha zirudishwe kwa kudai amekosea namba. Huduma hiyo ni ya haki na imewasaidia wengi, lakini mlaghai naye huijua. Basi kabla ya fedha kutumwa, mapatano yawe yameandikwa na kutiwa saini, yakitaja namba ya simu itakayotuma na itakayopokea. Mwenye karatasi kama hiyo ana la kuonyesha atakapoulizwa. Na jina la mtumaji liwe ndilo lililo kwenye kitambulisho cha mnunuzi. Fedha zikija kwa jina la mtu mwingine asiyejulikana, zisiguswe mpaka ijulikane ni nani na kwa nini anamlipia mwenzake.

Kwa bei ya chombo, basi, njia iliyo bora ni benki kwa benki. PesaLink hupitisha kiasi kisichofika shilingi milioni 1 kwa muda mfupi. Kwa kiasi kikubwa zaidi iko njia ya RTGS, ambayo fedha zikishatua katika akaunti ya mpokeaji, mtumaji hawezi kuziita tena kama aitavyo hundi. Lakini hapa pia tuseme lile lile: picha ya karatasi ya benki kwenye simu ya mnunuzi si fedha, na muhuri juu yake si fedha. Muuzaji aulize benki yake mwenyewe, kwa namba aliyoizoea au kwa kwenda mwenyewe, kama kiasi kimeingia na kama anaweza kukitumia.

Hundi ndiyo iliyowadanganya wazee wetu zaidi, kwa sababu ina sura ya heshima. Hundi ni ahadi iliyoandikwa. Inapowekwa benki, kiasi chake kinaweza kuonekana katika akaunti kabla hakijathibitishwa, na baada ya siku kikafutwa kwa kuwa aliyeiandika hana kitu. Kweli, kutoa hundi isiyo na fedha ni kosa la jinai katika sheria zetu, lakini kumshtaki mtu ambaye yuko nawe mahakamani ni jambo moja, na kumshtaki aliye baharini na mashua yako ni jambo jingine. Hata hundi ya benki yenyewe hughushiwa. Anayetaka kulipa kwa hiyo, tufuatane naye mpaka kwenye tawi lake, tuione ikiandikwa. Na hundi ya aina yoyote ikipokelewa Ijumaa jioni, chombo kilale mpaka benki iseme imepita. Walaghai hupenda Ijumaa jioni, kwa kuwa benki zimefungwa na bahari iko wazi.

Uko pia mtego wa fedha zinazozidi. Anatokea mnunuzi aliye mbali, pengine nje ya nchi. Hajakiona chombo, hapunguzi bei, ana haraka. Chombo ni 640,000, yeye analeta hundi ya 900,000, kisha anaandika kwa unyenyekevu: “Zilizozidi, 260,000, mpelekee msafirishaji wangu.” Muuzaji anatoa 260,000 za halali kutoka kwenye akiba yake, na baada ya siku chache hundi inarudi. Hapo amepoteza fedha hata kabla ya kupoteza chombo. Kanuni ni fupi: malipo yakizidi bei, yote yarudishwe kwa njia ile ile yaliyokuja, na biashara isimame. Ndugu zetu wengi wako Ghuba na Ulaya na hununua vyombo kwa haki, lakini mnunuzi wa kweli aliye mbali hutuma jamaa yake aje akague, na hulipa bei kamili, haizidishi.

Mwisho kuna fedha taslimu. Wapo wanaoziamini kuliko yote, nasi hatuwakatazi. Ila zisihesabiwe dikoni, wala sebuleni usiku, wala zisibebwe kikapuni kupita vichochoro. Zihesabiwe ndani ya benki, mbele ya karani, ambaye atazipitisha kwenye mashine inayotambua noti bandia na kuziweka katika akaunti papo hapo. Mnunuzi anayekubali kulipa taslimu lakini akakataa kuingia benki, tumwombee kheri na tutafute mwingine.

Arbuni na malipo ya msimu

Mara nyingi mnunuzi hutoa arbuni ili chombo asiuziwe mwingine. Yafaa iandikwe ni kiasi gani, ni ya muda gani, na itakuwaje akighairi. Madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, hayakubali muuzaji aile arbuni kwa sababu tu mnunuzi amebadili nia. Basi ni salama kuandika kwamba itahesabiwa katika bei, na biashara ikivunjika itarudi. Lakini arbuni haifungui kamba. Aliyelipa 50,000 katika 640,000 amekishika chombo. Hajakimiliki mpaka akamilishe kama yalivyo mapatano.

Liko na jambo la kuuziana kwa deni. “Nipe chombo, nitakulipa kaskazi ikitulia, samaki wakiwa wengi.” Maneno haya tumeyasikia tangu utotoni, na wapo waliotimiza ahadi zao. Lakini samaki si tarehe. Deni la sharia liwe na muda unaojulikana: siku, mwezi na mwaka. Na aya ya 283 ya sura ile ile inatufunza rahani, yaani kitu kinachoshikwa badala ya deni. Muuzaji aweza kushika kiunga cha nyumba, dhahabu au kitu kingine chenye thamani mpaka fungu la mwisho lilipwe. Asiyekuwa na rahani, awe na mdhamini anayejulikana mtaani, atie saini naye.

Siku ya makabidhiano

Tukiyakusanya yote, siku yenyewe iwe hivi. Iwe siku ya kazi, na ianze asubuhi. Chombo kikaguliwe na kijaribiwe baharini, muuzaji au mtu wake akiwa ndani, wala mnunuzi asikijaribu peke yake. Kisha wote wapande juu, waende benki au wakae mahali penye utulivu. Iandikwe karatasi: majina na nambari za vitambulisho, jina la chombo, urefu wake, nambari ya usajili, nambari ya mashine, bei kwa tarakimu na kwa maneno, njia ya malipo, na aibu zilizosemwa. Watie saini wote wawili na mashahidi wao. Mwenyekiti wa kamati ya ufuo, ile tuiitayo BMU, ni shahidi mwema, kwa kuwa anavijua vyombo na wenyewe.

Kisha fedha zilipwe. Kisha zithibitishwe. Baada ya hapo tu ndipo vyeti na ufunguo vikabidhiwe, iandikwe saa na tarehe ya makabidhiano, na kamba ifunguliwe. Siku zinazofuata, usajili uhamishwe kwa jina la mwenyewe mpya, kwa sababu chombo kilichobaki kwa jina la marehemu au la mjane kikikamatwa na magendo, mlango utakaogongwa kwanza ni ule wa zamani.

Na likitokea la kutokea, aibu isitunyamazishe. Saa za mwanzo ndizo zenye faida. Mtoa huduma ya simu au benki iarifiwe mara moja, polisi waandike taarifa na watupe nambari ya kitabu cha matukio, BMU za madiko ya jirani zipigiwe simu kusini na kaskazini, na Walinzi wa Pwani pamoja na KMA wapewe picha na maelezo ya chombo. Kwa hivyo picha zipigwe mapema, chombo kingali chetu: ubavu, tezi, omo, na ile alama ya ndani ambayo msasa haufikii. Mjane wetu alinyamaza siku tatu kwa kuona haya. Siku tatu ni nyingi sana baharini.

Wahenga walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Nao wakasema dau la mnyonge haliendi joshi. Mnyonge wa leo si lazima awe maskini. Ni yule ambaye hakuambiwa, au aliyeambiwa akaona muhali. Basi mama uliyesoma makala haya, msomee na mwenzio asiyeweza kusoma. Kijana, mwonyeshe bibi yako jinsi ya kutazama salio lake, mfanye mara mbili tatu mpaka mkono uzoee. Siku ya haja ikifika, awe na uwezo wa kusema kwa sauti ya upole, mbele ya watu wote: “Ngoja, mwanangu, tuhakikishe.”

Mjane wetu yuaendelea kusubiri habari ya mashua, na watoto wake wamo masomoni kwa msaada wa jamaa. Alipotusindikiza mlangoni alituomba jambo moja tu, kwamba kisa chake kisiishie kwake. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrudishie kilicho bora kuliko kilichopotea, awahifadhi mayatima wake na wetu, na atubarikie katika riziki za bara na bahari.